Siku ya Nane ya Kibanda

Stari Brest, 12 Septemba 2022

Dada yangu Ilka,

Nakusalimu wewe, mwanao, wajukuu, na hata yule paka wako anayekojolea viatu vya wageni. Mimi ni mzima kadiri mtu wa miaka themanini na moja anavyoweza kuwa mzima. Magoti yanalalamika, lakini ghorofa ya tatu naipanda bila kupumzika, ila nikiona mtu ananitazama. Hapo napumzika ili anihurumie. Plamu zimezaa sana mwaka huu. Nimepika jemu chupa kumi na moja na sina wa kumpa zaidi ya Olga, katibu wetu, ambaye ana sukari. Jumuiya yetu ya Kiyahudi imebaki na watu tisa. Kalenda uliyotutumia iko ukutani ofisini, na picha ya bahari ya Haifa inatufanya tuhisi joto.

Sasa jambo lenyewe. Kule nje ya mji, kwenye kiwanda cha matofali kilichokufa, wamo watu wanaosubiri kuvuka uzio kwenda Hungaria. Mimi na Olga huwapelekea mkate kila Alhamisi. Kati yao kuna familia ya watu watatu kutoka Afghanistani: Nasir, fundi umeme, mkewe Zarmina, mfamasia, mwenye mimba ya miezi saba, na Mahgul, mama yake Nasir, aliyeanguka kutoka juu ya uzio mwezi uliopita akavunjika mguu. Kituo cha wakimbizi kilicho karibu nasi, ambacho kina daktari, kimewaahidi chumba kuanzia tarehe 18 Oktoba. Si kabla. Wana karatasi yenye muhuri. Lakini polisi wakiwakuta porini kabla ya siku hiyo, watawapakia basi hadi kusini kabisa mwa nchi, na chumba kitapewa wengine. Na kiwandani polisi wanawaondoa watu wote mwanzoni mwa Oktoba.

Utauliza kwa nini nisiwalaze kwangu. Sheria inamtaka mwenye nyumba amwandikishe mgeni polisi ndani ya siku moja. Nikiwaandikisha, basi linakuja. Lakini nilipokuwa nanyoa ndevu nikakumbuka Sikukuu ya Vibanda. Nakueleza kana kwamba hujui, nisamehe, ualimu haujanitoka: tumeamriwa tutoke katika nyumba zetu imara tukae katika kibanda cha mabua, tuone nyota kupitia paa, tukumbuke kwamba wazee wetu walikuwa watu wa njiani. Tena tumeamriwa tualike wageni. Ukila peke yako kibandani, hiyo si sikukuu, ni chakula cha jioni tu. Basi kisheria kibanda si makazi, na mgeni wa ibada haandikishwi popote. Nimeisoma sheria ya manispaa mara mbili.

Olga amejaza fomu: kibanda cha ibada katika ua wa jumuiya, pamoja na wageni, kwa siku zote za sikukuu. Tarehe amezitoa kwenye kalenda yako. Nimetia sahihi, wamegonga muhuri. Sikukuu yetu inakwisha tarehe 18 jioni, siku ileile chumba kinapofunguliwa. Kama vile mtu alikaa akapanga.

Niandikie haraka, maana simu najua huisikii.

Mdogo wako,
Teodor


Haifa, 28 Septemba 2022

Mdogo wangu Teo,

Mwaka wetu mpya umeingia salama. Tulikula tofaa na asali, wajukuu wakagombana, mwanangu akapaza sauti, nami sikusikia kitu. Kuna faida zake. Daktari anataka nivae kifaa cha sikio. Nimemwambia kwamba yote niliyotaka kuyasikia nimeshayasikia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza jambo dogo, halafu kubwa.

Dogo ni hili. Kalenda yetu imechapishwa huku, na huku tunakaa kibandani siku saba basi. Inasema tarehe 16 mwisho. Nyinyi mlio mbali mna siku ya nane na ya tisa, hadi 18. Kama Olga amenakili kalenda yangu, karatasi yenu imeandikwa 16. Toa miwani uitazame. Bado una muda wa kuomba siku mbili zaidi.

Kubwa ni kwamba sitaki ufanye jambo hili. Wewe mwaka ule wa arobaini na nne ulikuwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa na mitano. Wale waliotuficha shambani pamoja na mama walikuwa watu wema, nami nawaombea mpaka leo. Lakini kila gari lilipopita barabarani niliziona nyuso zao. Wewe hukuziona. Mtu anayeficha watu huzeeka mbele ya macho yako. Usinitake nieleze zaidi.

Mna watu tisa, Teo. Wote wazee. Mkate mnaopeleka Alhamisi unatosha.

Dada yako,
Ilka


Stari Brest, 13 Oktoba 2022

Dada Ilka,

Nakuandikia nikiwa ndani ya kibanda, siku ya nne ya sikukuu, ndiyo maana karatasi ina doa la supu. Wote tisa tuko hai. Barua yako haijafika bado. Posta ya kwetu unaijua, nadhani wanazibeba kwa miguu.

Laiti ungekiona kibanda! Nasir amekijenga yeye. Mimi nilikuwa nasimama kando nikitoa maelekezo, naye alikuwa akiitikia "ndiyo, mwalimu" na kufanya anavyojua mwenyewe. Kuta ni mbao za ghala, paa ni mabua ya mahindi. Mahgul analala humu kwenye kochi tulilotoa ofisini, mguu juu ya mto. Zarmina anatutafsiria kwa Kiingereza chake cha dukani na changu cha vitabuni.

Juzi mvua ilinyesha. Nikaleta nailoni ya banda la nyanya nikafunika paa. Olga akatoka ofisini mikono kiunoni.

"Mzee Teo, hicho si kibanda tena. Chini ya nailoni hakifai kwa ibada."

"Kwa hiyo mgonjwa alowe?"

"Sijasema alowe. Nasema kibali ni cha kibanda. Hiki sasa ni hema."

Yuko sahihi, sheria ndivyo ilivyo. Tukafanya hivi: chakula kilipokuwa tayari tuliikunja nailoni, tukasoma baraka haraka haraka, kila mtu akala matonge matatu mvua ikimwagika kwenye supu, kisha Nasir akairudisha. Mahgul alicheka hadi akashika mbavu. Akasema neno, Zarmina akatafsiri: "Mama anauliza, Mungu wenu huwa anawapa mitihani hii kila mwaka, au mwaka huu tu kwa sababu yetu?"

"Kila mwaka," nikamwambia. "Mwaka huu tumepata msaidizi wa kukunja."

Si kila kitu ni cha kucheka. Jana alasiri walikuja vijana wanne wenye fulana nyeusi, wakasimama langoni.

"Babu! Unafuga Waarabu humo?"

"Ni Waafghani. Kuna kilomita elfu tatu katikati. Wewe ni mtoto wa Radmila, sivyo? Mama yako nilimfundisha jiografia. Naye alikuwa anachanganya."

Wenzake wakamcheka, naye akawa mwekundu. Hilo lilikuwa kosa langu. Mtu ukimwaibisha mbele ya wenzake humwachii njia ya kurudi nyumbani akiwa mwema.

"Mabua yanawaka haraka, babu," akasema. "Uwaambie."

Asubuhi tukakuta neno kwenye ukuta wa nje, kwa rangi nyeusi: RUDINI. Hawakuandika nani arudi. Huenda ni wao, huenda ni sisi, ambao tuko hapa tangu kabla ya reli kujengwa. Olga alitaka tupake chokaa kimyakimya. Mimi niliandikia gazeti la mji. Nikasema kwamba watu wale wale wanaoogopwa leo walikuwa sisi jana, na kwamba chuki haihitaji kujua jiografia. Hawajaichapisha. Mhariri amenipigia simu kunishauri nipumzike.

Zimebaki siku tano. Nasir ananiita mwalimu, na mama yake ananiita jina ambalo Zarmina anakataa kulitafsiri.

Teodor


Stari Brest, 24 Oktoba 2022

Dada Ilka,

Barua yako imefika leo asubuhi. Afya yangu nzuri. Olga hajambo.

Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, walikuja watatu: mkaguzi wa majengo, ambaye ni mwanamke wa makamo, na polisi wawili. Nasir alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Mkaguzi alikuwa mpole. Laiti asingekuwa mpole.

"Mzee Kertes, kibali chako kimekwisha jana."

"Haiwezekani. Sikukuu haijakwisha."

Akanionyesha karatasi. Ilikuwa imeandikwa 16. Chini yake sahihi yangu.

"Hili ni kosa la kalenda," nikamwambia. "Kalenda imechapishwa Haifa. Kule wanakaa kibandani siku saba. Sisi tulio mbali tunakaa hata ya nane."

"Kwa nini?"

Ilka, ningesema "ndivyo dini inavyoamuru" nikanyamaza. Nadhani ingetosha. Alikuwa anatafuta sababu ya kuondoka, niliiona machoni mwake. Lakini aliuliza kwa nini, na miaka arobaini darasani hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini nikashindwa kumjibu. Nikamweleza. Kwamba zamani mwezi ulipoandama, watu wa Yerusalemu ndio walioutangaza, na wajumbe wakatumwa. Kwamba wajumbe walichelewa kufika nchi za mbali, na watu wa huko hawakujua siku ipi ni ipi. Basi wakashika siku zote mbili, kwa shaka.

"Kwa shaka," akasema.

"Ndiyo. Yaani zamani hizo."

"Kwa hiyo leo ni siku ya shaka. Nyinyi wenyewe hamna hakika kama leo ni siku ya kibanda."

"Siku hizi hakika tunayo. Ila desturi tumeishika..."

"Mzee wangu, mimi niandike nini hapo? Kibali kimekwisha, na mwenye kibali mwenyewe anasema ana shaka."

Polisi mmoja alicheka. Mwenzake alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilimwonyesha karatasi ya kituo, ya kesho yake, tarehe 18. Akasema hiyo ni ofisi nyingine. Walimtoa Mahgul akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi yetu, wakampandisha nacho ndani ya basi dogo. Zarmina hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama Nasir atajua walikopelekwa. Nikamwahidi.

Nasir alirudi saa tatu, dawa mkononi. Nilimweleza kila kitu. Hakunilaumu hata kwa nusu neno. Alisema atatembea kufuata reli hadi kusini, maana bila hati hakuna dereva wa basi anayempakia. Nilimpa mkate, soksi zangu za sufu, na karatasi yenye anwani ya ua wetu. Nikamwambia, "Ukiwakosa, rudi hapa. Mimi nitakuwepo."

Barua yako ulianza kuiandika tarehe 28 Septemba. Muhuri wa posta ya Haifa unasema 11 Oktoba. Nimeuona, na tuyaache hayo.

Teodor


Haifa, 10 Novemba 2022

Teo,

Mjukuu wangu wa pili amechumbia. Msichana anaongea sana, nasikia, na mimi nitaambiwa tu. Tumeanza kuwasha jiko la gesi chumbani kwangu, baridi imewahi.

Unasema tuyaache. Hujui kuacha kitu, wewe, kwa hiyo nitakiinua mimi.

Barua ile niliimaliza siku hiyohiyo. Niliifunga, nikaandika anwani, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Ikalala hapo siku kumi na tatu. Mwanangu aliuliza mara mbili, "Mama, nikupelekee barua posta?" Nikamwambia bado naongeza neno. Sikuongeza neno lolote.

Nilijua kwamba siku mbili zikikosekana kwenye karatasi, watakuja na kukiondoa kibanda. Nilifikiri: watakiondoa kwa karatasi, kwa utaratibu, kabla wale wengine, ambao kila mji unao, hawajaja na kiberiti. Wageni watapelekwa mahali, na ndugu yangu atalala kitandani kwake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, wala usidhani nilichanganyikiwa na uzee. Nilifikiri sawasawa. Tarehe 11 nikaona aibu, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu, nikijua imechelewa.

Sisemi unisamehe. Sijui kama mtu anaweza kusamehewa na asiyedhurika.

Niambie mwanamume yule amefika kwa mkewe?

Ilka


Stari Brest, 28 Novemba 2022

Dada Ilka,

Hongera kwa uchumba. Kijana na aongee naye huyo, wewe utakula keki.

Mimi nilitia sahihi bila miwani, kwa hiyo usijitwishe mzigo wote, niachie sehemu yangu. Kama barua ingefika mapema, huenda bado ningekosea kuziomba siku mbili hizo. Huenda. Sitaki kukudanganya wala sitaki kukupiga.

Habari ni hizi. Zarmina amejifungua mtoto wa kike tarehe 15 katika hospitali ya kule kusini. Wamewaweka chumba kimoja na familia nyingine mbili. Mguu wa Mahgul umeunga vibaya, hatembei. Nazungumza na Zarmina kwa simu ya mhudumu wao kila Jumapili.

Jumuiya imekutana. Olga alisoma ajenda, na jambo la pekee lilikuwa kama mwaka ujao tutajenga kibanda. Kura sita zilisema hapana. Wanaogopa, na siwezi kuwaita waoga watu waliozaliwa mwaka waliozaliwa. Olga alipiga kura upande wangu. Sikulitarajia hilo. Mabua tumempa mtu mwenye ng'ombe. Ukuta tumeupaka chokaa, lakini rangi nyeusi inapenya, ukipita na jua la asubuhi unalisoma neno lote.

Ni baridi. Nimeanza kuvaa koti zito.

Teodor


Haifa, 18 Desemba 2022

Teo,

Leo tunawasha taa ya kwanza ya sikukuu ya taa. Salamu zangu kwa Olga.

Nilikuuliza swali moja tu. Umenijibu habari za mguu, za mtoto, za chokaa na za koti. Nakuuliza mara ya pili: mwanamume yule amefika?

Ilka


Stari Brest, 6 Januari 2023

Dada,

Hakufika.

Tarehe 24 Novemba alikutwa kando ya mfereji, kilomita sitini kutoka hapa. Alikuwa amevuka maji usiku ule wa baridi kali ya kwanza, akalowa, na baridi ikammaliza. Polisi walinipigia mimi kwa sababu mfukoni mwake palikuwa na karatasi moja, yenye anwani ya ua wetu, kwa mwandiko wangu. Nilienda nikamtambua.

Sikiliza jambo moja zaidi, maana hili ndilo linalonifunga ulimi. Alikutwa ukingo wa huku, wa kaskazini. Mwenye duka wa kijiji cha ng'ambo alimuuzia mkate akitokea kusini. Niliulizia kwa simu: kule kituo cha kusini walimwambia langoni kwamba majina ya wake zake, ndivyo walivyosema, "wake zake", yaani Zarmina na Mahgul, hayamo kwenye orodha. Yalikuwa hayajaandikwa tu. Akadhani amewakosa. Akageuka anarudi kwetu, kama nilivyomwambia.

Amezikwa katika makaburi ya manispaa, safu ya wasiojulikana, ingawa mimi namjua. Niliwapa jina, wakasema bila hati jina ni maelezo tu. Namba yake ni 41.

Kila Jumapili Zarmina ananiuliza kama amerudi uani. Kila Jumapili namjibu, "Hajarudi," na hilo ni kweli, na mimi nakata simu nikijiona mwongo mkubwa kuliko wote katika nchi hii. Wiki sita sasa. Nimewaza maneno ya kila namna. Nimeyaandika, nimeyafuta. Mahgul anamtuma Zarmina aseme: "Mwambie mwalimu, akija mwanangu ampe chakula kwanza, habari baadaye."

Wewe ni mkubwa wangu. Niambie nifanyeje.

Teodor


Haifa, 22 Januari 2023

Mdogo wangu,

Sitaanza na salamu.

Hukumbuki tulivyoambiwa habari za baba. Ulikuwa na miaka minne, ulikuwa unacheza na vifungo chini ya meza. Ilikuwa kiangazi cha arobaini na tano. Alikuja mtu mwembamba, jina lake Šandor, aliyekuwa pamoja na baba yetu katika kikosi cha kazi ya lazima. Mama alimfungulia akamwekea kiti. Hakukikalia. Alikaa chini, sakafuni, karibu na mlango, akanyamaza.

Unazijua taratibu zetu za msiba kuliko mimi, wewe ndiye uliyesoma. Anayekwenda kwa mfiwa hukaa chini, wala hasemi neno mpaka mfiwa aseme. Mimi sikuzijua, nilikuwa mtoto, lakini nilimwona mama akiendelea kumenya viazi. Alimenya sufuria nzima. Halafu mama aliweka kisu na kusema, "Ilikuwa wapi?" Ndipo akajibu. Alijibu alichoulizwa tu, na mama aliuliza polepole, jioni nzima, kadiri alivyoweza kubeba.

Usiwaambie kwa simu. Nenda. Kaa chini. Na kwa mara moja katika maisha yako, Teo, usieleze. Kila neno utakalolitanguliza litakuwa la kujisaidia wewe.

Mimi ningekwenda nawe kama ningeweza. Nina haki zaidi ya kukaa sakafuni.

Ilka


Stari Brest, 14 Februari 2023

Dada yangu Ilka,

Nimerudi jana. Mabasi mawili, mwendo wa saa tisa kwenda, wa saa kumi kurudi kwa sababu ya theluji. Olga alinifungia mkate wenye jemu ya plamu, akasisitiza nimpelekee Zarmina chupa nzima.

Wanakaa katika nyumba ya mabati, vitanda vya ngazi, pazia katikati. Wale wa familia nyingine walitoka waliponiona, sijui waliona nini. Mtoto alikuwa amelala. Mahgul alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa, anakoroga chai. Zarmina alinivutia kiti.

Nilikaa chini. Magoti yangu yalipiga kelele, nayo ndiyo sauti pekee niliyotoa.

Zarmina alianza, "Mwalimu, umechoka? Mwalimu?" Kisha akaacha. Mahgul aliendelea kukoroga. Alikoroga mpaka sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Sikujua nusu saa inaweza kuwa ndefu hivyo.

Hatimaye Mahgul alitaja jina la mwanawe. Hakuuliza, alilitaja tu, kama mtu anayeweka kitu mezani. Zarmina hakutafsiri. Aliuma ushungi wake, akajikunja kwenye kona ya kitanda, na mimi nikainamisha kichwa.

Sitakuandikia saa zilizofuata. Waliuliza, nilijibu. Wapi. Lini. Alikuwa peke yake? Ndiyo. Alikuwa anaelekea upande gani? Hilo nalo niliulizwa, Ilka, na nilijibu. Zarmina alinitazama, akageukia ukuta. Hakunitazama tena mpaka nilipoondoka, wala sidhani kama atanitazama tena, na hana sababu ya kufanya hivyo.

Mahgul alikuwa na swali moja la mwisho. Zarmina alilitafsiri akiwa amegeukia ukuta vilevile.

"Mama anauliza nani alimwosha."

Hili sikukuandikia. Manispaa haioshi mtu. Inamfunga katika plastiki na kumwandika namba. Mlinzi wa chumba cha maiti niliwahi kumfundisha. Nilimwomba saa moja, naye akatoka kuvuta sigara akakaa nje saa moja. Mimi ndiye wa mwisho katika jumuiya yetu anayejua kuosha maiti, nimewaosha wazee wetu kumi na saba. Taratibu za kwao sizijui. Nilimwosha kwa taratibu zetu, maji ya vuguvugu, kuanzia kichwani, upande wa kulia kwanza, nikamfunika kila sehemu niliyomaliza, nikamwomba radhi kwa jina lake kama inavyotakiwa. Nilikuwa na sanda moja tu. Ilikuwa ni yangu.

"Mimi," nikasema.

Mahgul alisema kitu kifupi, akanyoosha mikono. Sikuelewa. Zarmina hakutafsiri. Basi nikajiburuta sakafuni mpaka kitandani na kumpa mikono yangu. Aliigeuza, akaitazama kiganjani, akaitazama mgongoni, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akairudisha magotini pangu, akauvuta ushungi mpaka machoni, na mlinzi wa kituo akaja kusema muda wa wageni umekwisha.

Teodor